Tabibu Fisi na Chakula cha Wagonjwa

Mwaka ule mawingu yalikuwa yakipita juu ya nyika bila hata kutupa jicho chini. Visima vya bara vikakauka kimoja baada ya kingine, na wanyama wakabeba watoto na vyungu vyao, wakashuka pwani. Huko kilikuwa kimebaki kisima kimoja tu chenye maji matamu, nyuma ya mchanga, karibu na hori, mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko. Simba alifika wa kwanza. Akakaa kando ya kisima, akatikisa manyoya ya shingo, akasema, "Hiki ni changu. Mtakunywa kwa ruhusa yangu." Hakuna aliyebisha.

Chakula nacho kilikuwapo kwa anayejua kuinama. Bahari ikipwa, uliweza kuvuka hori mpaka kwenye mwamba mpana ambao mgongo wake haufunikwi na maji, wenye kaa, chaza na pweza pembeni. Tabu ni kwamba nyuki nao walikuwa na kiu, wakajazana kisimani kuliko wanyama wenyewe. Na maji ya bahari yakijaa, ndani ya hori waliingia konyeza, wale viumbe walio laini kama uji uliopoa, wanaoburuta nyuzi zinazounguza kama mafuta ya kukaangia. Ukienda kunywa unaumwa, ukienda kula unaumwa. Haikuchukua muda kambi nzima ikavimba, huyu mdomo, yule mguu, na Mama Ngiri masikio yote mawili.

Hapo ndipo Fisi alipoiona riziki yake.

Alipanda juu ya kichuguu, kibuyu cha dawa ya kijani kikining'inia shingoni. "Jamani, acheni kulia," alisema. "Utabibu ni wa ukoo wetu. Babu yangu alikuwa tabibu."

"Babu yako alikufa kwa kuvimbiwa," alisema Nyani kutoka juu ya mti. Kazi ya Nyani ilikuwa hiyo, kusema.

"Alikufa akiwa tabibu," alijibu Fisi. Kisha akawageukia wengine. "Sikilizeni. Sumu ni kama mgeni. Ukimlisha, anakaa. Ukimnyima, anaondoka. Kwa hiyo aliyeumwa na mdudu au na konyeza, mwiko kula mpaka uvimbe uishe."

"Na chakula chake?" aliuliza Mama Ngiri.

"Kisitupwe. Kutupa chakula ni dhambi. Kiletwe kwangu, nikile kwa niaba yake. Sumu ikinusa kwamba chakula kiko kwangu, itamwacha mgonjwa, inifuate mimi. Ikiniua, basi. Ndiyo kazi yenyewe."

Mama Ngiri alitokwa na machozi. "Na watu wanamsema vibaya," alinong'ona.

Simba naye alikuwa ameumwa na nyuki katikati ya pua, lakini ole wake ambaye angelisema hilo. "Pua yangu inakua," Simba aliwatangazia wote. "Wafalme hukua."

Fisi aliinama mpaka kidevu kikagusa mchanga. "Mtukufu, pua ya kifalme inapokua hupakwa dawa, isije ikakua upande mmoja. Lakini wewe mwiko haukuhusu. Mwiko ni wa walioumwa. Wewe umekua tu."

Simba akapakwa, akafurahi, akampa Fisi cheo cha Tabibu Mkuu. Tena akatoa amri kwamba yeyote atakayejitibu nyumbani, au kumtibu mwingine, hatakunywa kisimani. Tangu siku hiyo Simba alionekana mara kwa mara akisugua pua yake ardhini. Aliyemkuta aliambiwa, "Nasikiliza ardhi."

Kati ya wanyama waliokuwa wamehamia pale alikuwamo Bi Sungura. Alikuwa na watoto wengi kuliko saa za kulala. Akili yake ilijulikana, lakini muda wa kuitumia kwa maonyesho hakuwa nao; aliitumia jikoni. Mtoto wake wa kati, Kitungule, alikuwa msichana asiyeweza kupita penye maji bila kutia mguu. Siku moja alitia mguu horini wakati maji yanajaa, na uzi wa konyeza ukamzunguka kuanzia kifundo mpaka goti.

Mayowe yake yalifika kisimani.

"Mkojolee!" Nyani alipiga kelele kutoka juu ya mti. "Konyeza dawa yake mkojo! Kama huna, mimi ninao!"

"Kaa nao huko huko," alisema Bi Sungura. Alikuwa ameshamkalisha mtoto na kuchota maji ya bahari kwa kifuu. "Usisugue mchanga, Kitungule. Mikono mbali. Nasema mikono mbali."

Kabla hajamaliza kummwagia, majirani wakawa wamemleta Tabibu Mkuu. Walifanya hivyo kwa wema, kama majirani wafanyavyo mambo mengi. Fisi akampaka mtoto dawa ya kijani, akauchukua muhogo uliokuwa sehemu yake, akaondoka akitafuna.

Mchana ule mguu ukawa mwekundu kuliko mwanzo. Kitungule alijikuna akilia, akalia akijikuna, na katikati alisema, "Mama, nina njaa." Kesho yake ikawa vilevile. Asubuhi Fisi alikuja kupaka, jioni alikuja kuchukua sehemu. Bi Sungura alimtazama akiondoka, makalio yakitikisika.

"Anakula kwa niaba ya mwanangu," alijisemea, "lakini kunenepa ananenepa kwa niaba yake mwenyewe."

Alipokuwa akimgeuza mtoto, dawa ilimgusa kiganja. Kiganja kikaanza kuwasha. Akakiweka juani, akakitazama vizuri. Ndani ya ule ukijani kulikuwa na vinywele vidogo vya rangi ya dhahabu.

Mzazi yeyote aliyewahi kumpokea mtoto akitoka kuchezea vichakani anavijua vinywele hivyo. Ulikuwa upupu.

Bi Sungura hakupiga kelele. Alimchukua Kitungule nyuma ya mikoko, akampaka tope mguu mzima, akaliacha likauke, kisha akalibandua, na tope likatoka na upupu wake. Akamsafisha tena kwa maji ya bahari. Nyuzi mbili za konyeza zilikuwa bado zimenata nyuma ya goti, akaziondoa kwa kijiti, si kwa vidole. Akachemsha maji, akayapooza mpaka mkono wake mwenyewe ukayavumilia, akauzamisha mguu humo, na kila yalipopoa aliongeza ya moto. Maumivu yalipoanza kulegea alimpa bakuli la uji.

"Mama, si mwiko?" aliuliza Kitungule.

"Kunywa."

Jioni Fisi alipokuja, Kitungule alikuwa akiruka juu ya gogo.

"Mbona anaruka?" aliuliza Fisi.

"Ni sungura," alisema mama yake.

Fisi alimvuta mtoto karibu, akamnusa mdomo. Pua ya fisi haikosei mambo ya chakula. "Uji!" alisema. "Na mguu umenywea! Mama Kitungule, umemtibu mtoto huyu bila mimi!"

Hakungoja jibu. Alikwenda mbio kwa Simba, na muda si muda Bi Sungura akaitwa kisimani mbele ya wote, watoto wamemng'ang'ania pande zote.

"Umevunja amri yangu?" aliuliza Simba.

"Nimemtibu mwanangu, Mtukufu."

"Basi kesho jua likizama, wewe na watoto wako msionekane tena kisimani hapa."

Kila mtu alijua kwamba kwenda bara na watoto wale, bila maji, si safari ya kurudi.

Bi Sungura alifungua mdomo autaje upupu, akautazama uso wa Simba, akaufunga. Ile pua ilikuwa imevimba kama embe, imepakwa kijani, na ncha yake ilikuwa ikitetemeka kwa hamu ya kukunwa. Akisema tu kwamba dawa ni ya uongo, Simba itambidi akubali kwamba ameumwa kama wengine na amedanganywa kuliko wengine. Hilo Simba asingelikubali hata angekatwa mkia. Angemfukuza jioni ileile.

"Sawa, Mtukufu," alisema. "Naomba kitu kimoja. Kesho bahari ikipwa, niwapikie majirani chakula cha kuagana, kule mwambani kwenye upepo. Na wewe uwe mgeni wetu wa heshima."

"Wagonjwa hawali!" Fisi alidakia.

"Najua, Tabibu. Sehemu yao ni yako."

Fisi alimeza mate. "Basi pika. Pika kingi."

Asubuhi bahari ilipopwa, hori likabaki tope tupu, wanyama wakavuka kwa miguu, wagonjwa wakiegemeana. Simba alitangulia, akachagua jiwe la juu kuliko yote. Mama Ngiri na Bi Sungura waliokota kaa, wakachokoa pweza mashimoni, wakampigapiga mwambani mpaka akalainika. Nyani alipewa kazi ya kukuna nazi, akaifanya huku akilalamika.

Fisi hakuja. Kazi haikuwa fani yake. Alilala kivulini nyuma ya kisima, tumbo juu, akingoja kuamshwa na harufu.

Harufu ilimwamsha wakati bahari imeshajaa. Pweza alikuwa kwenye tui zito la nazi, na upepo ulikuwa ukitoka baharini kwenda nchi kavu. Fisi alikuja mbio mpaka ukingoni mwa hori, akasimama. Mbele yake maji yalikuwa yakimeremeta, na ndani ya maji, polepole, vilikuwa vikipita vile vitu laini vyenye nyuzi.

"Nileteeni chakula changu!" aliita.

Bi Sungura alisimama upande wa pili, mwiko wa kupikia mkononi. "Subiri maji yapwe, Tabibu. Hori limejaa konyeza."

"Yatapwa lini?"

"Jua likielekea kuzama."

"Chakula kitapoa!"

"Kitapoa, ndiyo."

"Basi mtume mtu avuke nacho!"

"Wote ni wagonjwa. Wakitia mguu majini wataumwa tena."

Fisi alizunguka pale ukingoni, huku na huku, kama aliyedondosha kitu. Bi Sungura alirudi kwenye chungu chake. Hakumwita wala hakumpungia mkono. Alikuwa na muhogo wa kugeuza.

Nyani ndiye aliyeshindwa kunyamaza. "Tabibu, lile tui la chini limeanza kukauka! Linashika pembeni! Lo, linanukia hilo!"

Fisi alitia mguu mmoja majini.

Bi Sungura alimwona. "Tabibu!" aliita, safari hii kwa sauti ya kuwaitia watoto penye moto. "Nakwambia kwa mara ya mwisho. Usiingie. Utaumia. Chakula chako kitakungoja."

"Hakuna chakula kinachongoja!" alisema Fisi, na kwa upande wake aliamini hivyo tangu kuzaliwa. Akajitosa.

Alifika katikati ya hori salama. Alipopita katikati, konyeza mmoja akampapasa tumbo. Fisi aliruka, akamwangukia mwingine kwa makalio. Akafungua mdomo apige yowe, na uzi ukampitia mdomoni. Wanasema hata leo fisi hajulikani kama analia au anacheka, lakini siku ile hakuna aliyekuwa na shaka. Alitua mwambani, akagaagaa mbele ya chungu.

Mama Ngiri alikuwa na moyo safi, na kila neno la Fisi alikuwa amelishika kama alivyofundishwa. Alikuwa wa kwanza kumkimbilia. "Pole, Tabibu! Pole sana! Lala tukupake dawa." Akaking'oa kizibo cha kile kibuyu kilichokuwa shingoni mwa Fisi, akachota konzi nzima.

Fisi aliacha kugaagaa. "Dawa gani?"

"Yako hii hii."

"Hapana! Mimi... mimi sihitaji."

"Unavimba, Tabibu. Jione tumbo!"

"Nipeni chakula tu, nitapona."

Mama Ngiri alishtuka. "Chakula? Na sumu mwilini? Ni mwiko! Utamlisha mgeni!"

"Sehemu yake ipelekwe kwa tabibu," alisema Nyani.

"Tabibu ni mimi!" alilia Fisi.

"Basi tabibu ale."

"Ndiyo!"

"Lakini tabibu ni mgonjwa. Asile."

"Hapana!"

"Jamani, huyu anataka nini?" Nyani alijishika mbavu, nusura atumbukie horini.

Simba aliinuka juu ya jiwe lake. "Mpake," alimwambia Mama Ngiri. "Dawa iliyofaa kwenye pua yangu itafaa kwenye tumbo lake."

Mama Ngiri akaibandika ile konzi katikati ya tumbo lililoungua, akasugua kwa upendo.

Fisi alipaa. "Toa!" alipiga kelele. "Toa! Mna upupu humo! Unanipaka upupu juu ya moto!"

Simba alishuka kwenye jiwe taratibu, pua ikitangulia.

"Umesema humo mna nini?"

"Kidogo tu, Mtukufu," Fisi alijibu akijikuna kwa miguu yote minne. "Kidogo sana. Ili uvimbe usiishe upesi. Uvimbe ukiisha, chakula kinaisha."

Wanyama wote walitazama pua ya Simba. Kisha wote wakatazama baharini. Kifua cha Simba kilikuwa kikijaa hewa, na haikujulikana ngurumo ile ingemwangukia nani, aliyemdanganya au wote walioona amedanganywa.

Bi Sungura alijifuta mikono. "Majirani," alisema, "sasa mmeona kwa nini Mtukufu alikubali kupakwa wa kwanza. Alijua. Akavumilia pua kuwasha siku zote hizi, ili mwongo ajitaje mwenyewe mbele yetu sote."

Simba alibaki na ile pumzi. Akaitoa polepole.

"Nilijua," alisema.

"Tuliona, Mtukufu."

"Tangu mwanzo. Nilikuwa namngoja." Akawageukia wote. "Amri ile ilikuwa mtego, na kazi yake imekwisha. Kila mtu atamtibu mtu wake. Na mama huyu na watoto wake watakunywa kisimani watakavyo." Kisha akasogea, akainamisha kichwa mpaka sikio refu la Bi Sungura, akanong'ona, "Ile dawa yako ya kutoa upupu, unayo? Si kwa ajili yangu. Nataka kuijua tu."

Bi Sungura akamkalisha nyuma ya jiwe, akampaka tope, akalibandua lilipokauka. Upupu ulipotoka alikuta katikati ya pua mwiba wa nyuki ungali umesimama. Hakuubinya, kwa sababu ukiubinya unaongeza sumu. Aliukwangua kwa ubavu wa kombe la chaza, ukatoka.

"Ni nini hicho?" aliuliza Simba.

"Unywele, Mtukufu."

"Nilidhani hivyo," alisema Simba. Akawekewa kitambaa cha maji baridi, na kwa mara ya kwanza tangu afike pwani akafumba macho kwa raha.

Kisha zamu ya Fisi. Wengine walitaka arudishwe horini, lakini Bi Sungura alikwisha kuteleka maji, na kuni hazikuwa za kuchezea. Alimbandua upupu, akammwagia maji ya bahari, akaondoa nyuzi kwa kijiti, akamkanda kwa maji ya moto.

"Inauma, Mama Kitungule!"

"Najua inauma. Usijikune."

"Siwezi!"

"Kitungule aliweza, na ni mtoto. Nyamaza."

Alipomaliza alimweleza kazi yake. Kuanzia siku ile mpaka mvua inyeshe, kuni za kuchemshia maji ya wagonjwa ataleta yeye, na atazileta asubuhi, kabla ya kula. Simba aliunguruma kidogo kuonyesha kwamba wazo lilikuwa lake.

Fisi alitikisa kichwa kukubali kila kitu. Alikuwa na swali moja tu. "Mgonjwa sasa anaruhusiwa kula?"

"Anaruhusiwa. Kachukue kilichobaki."

Fisi alijikokota mpaka kwenye chungu, akainama. Wagonjwa wote walikuwa wamekula, kwa njaa ya siku zote walizofungishwa, na watoto wa Bi Sungura walikuwa wamepitisha vidole. Chungu kilikuwa kinang'aa.

"Hata mfupa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Pweza hana mfupa, Tabibu," alisema Nyani.

Bi Sungura alikuwa amejifichia kipande chake cha muhogo chini ya kifuu. Kilikuwa kimepoa. Akakaa, akanyoosha miguu, akakila hivyo hivyo, Kitungule akiruka mawe pembeni yake.

"Mama," aliuliza Kitungule, "tumwonee huruma?"

Mama yake alimtazama Fisi, tumbo limevimba na mdomo umepinda, akilamba ukingo wa chungu kitupu. Alimkumbuka akitia mguu majini huku anaambiwa asiingie.

"Tumemtibu, inatosha," alisema. "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."